Treni inaposimama Shinyanga

Ukiikunjua ramani ya reli ya Tanzania na kuifuata njia ya Mwanza kwa kidole, utaona jambo ambalo wengi hulipita: reli imeipa mgongo dhahabu. Inatoka Tabora, inapanda kaskazini kupitia Bukene hadi Isaka, inageukia Shinyanga, inapita Seke, Malampaka, Malya na Bukwimba, halafu inaingia Fela na kuishia ziwani. Maeneo ya dhahabu, Buzwagi, Bulyanhulu, Nyarugusu, Rwamgasa na Geita mjini, yote yako magharibi yake. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Geita ukiwa na watu karibu milioni 3, Shinyanga milioni 2.2. Shinyanga ina stesheni za Isaka, Luhumbo, Usule, mjini kwenyewe, Songwa na Seke. Geita haina stesheni hata moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na vita vikawakatiza. Waingereza walipoirithi nchi walikuta pamba ya Usukuma ikipakiwa melini Mwanza, inavuka ziwa hadi Kisumu, kisha inateremka kwa reli ya Uganda hadi Mombasa. Mzigo wa Tanganyika ulikuwa unalisha bandari ya jirani. Ndipo wakaanza kulaza mataruma kutoka Tabora kuelekea kaskazini, kilomita karibu 380, na mwaka 1928 treni ikapiga honi Mwanza. Walifuata pamba, karanga, ngozi na ng'ombe, yaani vitu vinavyojaza nafasi na visivyoweza kubebwa na mtu mmoja akafika navyo pwani.

Dhahabu na almasi hazikuwahi kuihitaji reli. Mwaka 1940, reli ikiwa na miaka 12, mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mwendo mfupi tu kutoka Shinyanga mjini. Oktoba 1947 lilipatikana pale jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, Williamson akalitoa kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa, na lilipochongwa likabaki karati 23.6. Jiwe hilo, miongoni mwa almasi za waridi zinazosifika kuliko zote duniani, lingeweza kusafiri kwenye mfuko wa shati. Dhahabu ya Geita vivyo hivyo: huyeyushwa kuwa matofali, hupanda ndege, na hakuna mtu wa pale anayeiona ikipita. Almasi haikuomba behewa. Aliyeliomba ni mkulima mwenye gunia.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya huyo mwenye gunia, na kwa sababu ya siku niliyoizunguka Shinyanga kwa miguu baada ya kushuka stesheni. Reli mpya ya kisasa, ile ya upana wa milimita 1,435, inajengwa kati ya Isaka na Mwanza. Ninaifurahia kwa moyo wote. Lakini kuna swali ambalo halizungumzwi vya kutosha katika mitaa niliyopita: reli ya zamani, ile ya mita moja, itafanywa nini?

Nilipanda treni Isaka. Isaka haina sura ya mji mkubwa, lakini wenye malori ya Rwanda na Burundi wanaijua vizuri kuliko wanavyoijua Dodoma. Hapa ndipo ilipo bandari kavu: kontena likishushwa kwenye behewa, linapandishwa juu ya lori na kuelekea Rusumo au Kobero. Usiku kucha kuna taa, kuna chai, kuna chipsi mayai. Njia ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi hapa, kilomita 970, ilifanyiwa ukarabati miaka ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Dunia: madaraja yaliimarishwa, reli nyepesi zikabadilishwa. Mradi huo uliishia Isaka, na kutoka hapo treni inaendelea kaskazini juu ya njia ya zamani ya wazee wetu.

Mwendo ni wa taratibu, na ni huo mwendo unaomfundisha msafiri kitu. Pembeni unaliona tuta la reli mpya, jekundu, limenyooka, linapita juu ya mabonde ambayo reli ya zamani huyazunguka. Chini yake yapo majaruba ya mpunga, kingo zake zimechorwa kwa jembe la mkono, na mbuga nyeusi ambayo masika hushika gurudumu na kuligandisha. Kuna mibuyu. Kuna migunga mingi kuliko mtu anavyotarajia, na hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu miti hiyo ina habari yake.

Miaka ya 1920 na 1930, mtafiti wa mbung'o Charles Swynnerton aliweka kambi yake Shinyanga. Vichaka vilifyekwa na maelfu ya watu ili mbung'o wasipate kivuli na ng'ombe wasife kwa ugonjwa wa nagana. Baadaye pamba ikafyeka vilivyobaki. Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipopita huku alikuta ardhi uchi, na Shinyanga ikawa inaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, na badala ya kuleta miche kutoka mbali ukarudi kwenye desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ipate kukua, kisha linafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokuwa na njaa. Ngitili zilizokuwa zimebaki mradi ulipoanza zilihesabiwa kuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na miaka miwili kabla yake HASHI ilikuwa imepata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Katika basi linalokimbia lami ngitili huwezi kuziona vizuri, zinakupita kama ukuta wa kijani. Kwenye dirisha la behewa unaziona moja moja: hii ya familia, ile ya kijiji, hii imefungwa, ile imeshafunguliwa na ng'ombe wapo ndani.

Luhumbo, treni inasimama. Usule, inasimama. Kila kituo kina soko lake dogo la dakika chache. Akina mama wanakuja na karanga za kuchemsha, mayai, viazi vitamu vya moto, kuku aliyefungwa miguu. Biashara hii inafanyika kupitia dirishani, mkono juu, mkono chini, na hakuna mtu anayelipia kibanda wala meza. Ukikosa chenji mama anakuambia ulete ukirudi, na anasema hivyo kwa dhati kwa sababu anajua treni ina njia moja tu. Nilimwamkia mmoja kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia kwa uchangamfu kisha akaniuliza ninatoka kwa nani. Swali hilo lina uzito wake huku. Hauulizwi unafanya kazi gani, unaulizwa unatoka kwa nani.

Mji wa Shinyanga wenyewe ni mtoto wa reli. Boma la kwanza la serikali lilikuwa Old Shinyanga, nje kidogo ya mji wa leo, na kata yenye jina hilo ipo mpaka sasa. Reli ilipopita, utawala na maduka vikasogea kuifuata. Ndiyo maana ukishuka stesheni huhitaji kuuliza mji uko wapi. Umo ndani yake tayari. Nyumba za wafanyakazi wa reli zipo karibu, na mapaa yake ya mabati yaliyokwishageuka rangi. Yapo maghala, marefu, yenye milango ya kuteleza upande wa njia, yaliyojengwa kupokea marobota ya pamba. Ukipita leo nje ya maghala ya wafanyabiashara wa mji huu unasikia harufu ya dengu na choroko, mazao yaliyochukua nafasi kubwa pamba ilipoyumba.

Historia ya pamba ya hapa inanigusa, kwa sababu ni historia ya watu waliojipanga. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana kuunda Victoria Federation chini ya Paul Bomani, na ukawa mmoja wa miungano mikubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Wakulima walipima pamba yao wenyewe, kwa mizani yao wenyewe, baada ya miaka mingi ya kupunjwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirudi miaka ya 1980, na Shinyanga ikapata chake, SHIRECU. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, malori yakaanza kuingia vijijini moja kwa moja, na mzigo ukahama kutoka behewani kwenda barabarani. Stesheni nyingi za njia hii zilipungukiwa na kazi kuanzia hapo. Si kwamba watu waliikataa treni. Mnunuzi mwenye lori ndiye aliyefika mlangoni kwa mkulima, na treni haikuwa na mtu wa kuitangulia kijijini.

Kutoka stesheni nilitembea. Shinyanga ni mji unaotembeleka. Ardhi ni tambarare, na mtu mwenye afya anaweza kuuvuka kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Wenyeji wengi bado wako juu ya baiskeli. Zamani kidogo, kabla bodaboda na bajaji hazijajaa, baiskeli za kubeba abiria ndizo zilizoitwa daladala hapa, na mtu wa Dar es Salaam aliyeambiwa apande daladala alishangaa kuonyeshwa kiti cha nyuma cha Phoenix chenye mto wa kitambaa. Baiskeli zimebaki kwa sababu zinabeba: magunia mawili ya mkaa, kreti za soda, madumu ya maziwa, mabati, hata kitanda. Magurudumu hayo mawili ndiyo yanayomalizia kazi ambayo treni imeianza. Mzigo unashuka behewani, unaingia kwenye baiskeli, unafika Ndala, Kitangiri, Ngokolo au Ndembezi bila kuguswa na mafuta ya petroli.

Sokoni nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sijutii. Soko la Shinyanga linapaswa kutazamwa na mtu asiye na haraka. Kuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani vikiwa vibichi. Kuna matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, na utamu wake ni mwingine kabisa. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, chakula cha akiba cha watu waliozoea mvua kukawia. Kuna mchele wa majaruba niliyoyaona asubuhi, na hapo hapo dagaa wa ziwani na sato wa kukaushwa. Ukipanga vitu hivyo mezani unapata ramani: viazi na kunde kutoka Kishapu na Shinyanga vijijini, mchele kutoka Kahama, samaki kutoka Mwanza. Karibu vyote vimekuja kwa lori au kwa haisi. Wachuuzi niliozungumza nao walinieleza kwamba kinachowaumiza ni nauli ya gunia, si nauli ya mtu. Kwenye haisi gunia linahesabiwa kama abiria, na wakati mwingine linaonewa zaidi ya abiria kwa sababu haliwezi kubanwa.

Mchana nilikula ugali na mlenda kwa mama lishe, nikanywa maji ya bomba bila wasiwasi. Hilo nalo si dogo. Shinyanga iliteseka kwa kiu miaka mingi, watu wakishindania mabwawa pamoja na ng'ombe, mpaka mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, ulipozinduliwa mwaka 2009 na kuyafikisha hapa na Kahama. Mtu akikuambia kwamba miradi mikubwa haibadilishi maisha ya mtaa, mlete hapa umwonyeshe bomba.

Jioni jioni nilipita stendi ya mabasi, na huko nikakumbuka jinsi mji huu unavyoweza kugeuza mahali pa kusafiria kuwa kitu chake. Vijana wa stendi, wapiga debe, madereva na wafanyabiashara wadogo, walianzisha timu ya mpira wakaiita Stand United. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikawa inawakaribisha Simba na Yanga katika uwanja wa Kambarage, na mashabiki wake wakaipa jina la Chama la Wana. Nijuavyo mimi hakuna stendi nyingine nchini iliyofikisha timu Ligi Kuu. Ninaamini stesheni ingeweza kuzaa mambo ya namna hiyo pia kama ingekuwa na watu kila siku. Treni ya abiria ya njia hii hupita siku chache tu kwa wiki, ikiwa imetoka Dar es Salaam au inarudi huko. Siku zisizo na treni, jukwaa la stesheni halina kazi, na wauzaji wanahamia stendi.

Sasa tuangalie upande wa magharibi, kwenye dhahabu.

Njia ya kutoka Kahama kwenda Geita ni ya mchomoko. Mchomoko, kwa asiyeijua kanda hii, ni gari dogo la abiria, mara nyingi Probox, linaloondoka likijaa na kujaa kwake hakuna mwisho: wawili kiti cha mbele na dereva, wanne nyuma, wengine kwenye buti pamoja na mizigo. Linakwenda kasi kwa sababu dereva anakimbizana na hesabu ya mwenye gari. Katoro, mji uliokua kwa biashara ya wachimbaji, unajaa michomoko kuanzia alfajiri. Wanaopanda ni wachimbaji wadogo wanaohama kutoka duara moja, yaani shimo la dhahabu, kwenda jingine, mama wanaopeleka maharage na mchele kwenye machimbo, mafundi wa karasha za kusagia mawe, wanafunzi. Dhahabu ni nyepesi, lakini kila kinachoizunguka ni kizito. Mfuko wa mawe kutoka duarani ni mzito. Magogo ya matimba yanayozuia udongo usimwangukie mchimbaji ni mazito. Dizeli ya jenereta, saruji, mipira ya maji, vyuma vya kusagia mawe, na chakula cha watu wote hao. Hesabu ya Waingereza ilikuwa sahihi kuhusu tofali la dhahabu na ilikosea kuhusu mji wa dhahabu.

Geita imepata mambo kadhaa yanayopaswa kusemwa kwa haki. Mgodi mkubwa wa kisasa umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Mkoa ulizaliwa mwaka 2012. Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua pale soko la dhahabu, na mchimbaji mdogo aliyekuwa anauza gramu zake gizani kwa bei ya kukisia akapata mahali penye mizani na bei ya siku. Na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kwenye njia ya Mwanza kwenda Geita, lenye urefu wa kilomita 3 na ushei, refu kuliko yote Afrika Mashariki. Waliowahi kusubiri kivuko pale Kigongo, na mgonjwa ndani ya gari, hawahitaji kuelezwa maana yake.

Lakini daraja ni la barabara. Tuta la reli mpya haliendi Geita. Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishana, ulisainiwa Chato mwezi Januari 2021 na kampuni mbili za China mbele ya Rais John Magufuli, na jiwe la msingi likawekwa Misungwi mwezi Juni mwaka ule ule. Chato iko Mkoa wa Geita. Wino wa reli ulimwagika katika ardhi ya Geita na njia yenyewe ikapita kwingine, kwa mantiki ile ile ya mwaka 1928.

Kwa safari fupi za watu, kwingine wamejaribu jibu jingine. Addis Ababa ilifungua treni nyepesi za mjini Septemba 2015, njia mbili, kilomita zipatazo 34, kwa umeme, za kwanza za aina yake kusini mwa Sahara. Mtu anashuka hatua chache kutoka nyumbani kwake, anatembea mtaa mmoja, anapanda tena. Ni raha ya kuujua mji, na mimi ningependa kila mji wetu uwe nayo. Ila mkopo wake ulikuwa mkubwa, na baada ya miaka michache treni nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri. Shinyanga haina sababu ya kuiga hilo. Somo lililo karibu zaidi liko Dar es Salaam. Oktoba 2012, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliamua mabehewa ya zamani yaliyokuwa yamelala yakarabatiwe, yapewe injini, yabebe watu kati ya Stesheni na Ubungo juu ya njia ile ile iliyokuwepo. Nauli ya mtu mzima ilikuwa shilingi 400. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe na ikajaa tangu siku ya kwanza. Haikujengwa njia mpya. Kilichohitajika ni uamuzi, fundi na ratiba.

Hapo ndipo ninapotaka Shirika la Reli, Wizara na madiwani wa Shinyanga, Kishapu, Msalala na Maswa waangalie. Reli ya kisasa itakapoanza kazi huku, itakuwa inakimbia kilomita 160 kwa saa, kama inavyofanya tayari kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu katikati ya 2024. Treni ya kasi hiyo haiwezi kusimama Usule kwa ajili ya mama mwenye ndoo ya viazi, na haipaswi. Itasimama kwenye stesheni kubwa. Vituo vidogo vitabaki kwenye njia ya zamani, na njia isiyo na treni hung'olewa. Tumeona kwingine nchini jinsi chuma cha reli kinavyoishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, jinsi nyumba za stesheni zinavyoanza kukosa madirisha, jinsi ardhi ya reli inavyopimwa viwanja. Ikishafika hapo hairudi.

Njia hii isifike hapo. Ipo, imelipiwa na marobota ya pamba ya babu zetu, inapita katikati ya vijiji vinavyolima chakula kinachokuliwa Kahama na Geita. Injini moja ndogo ya dizeli na mabehewa matatu vinatosha kuanzia, kati ya Isaka na Malampaka. Itoke Isaka alfajiri baada ya michomoko na mabasi ya Kahama kushusha abiria, isimame Luhumbo na Usule, ifike Shinyanga kabla soko halijachangamka. Iendelee Songwa, ambako watu wa Mwadui wataipandia, na Seke, ambako wa Kishapu na Mhunze watakutana nayo siku za mnada. Igeuze Malampaka mchana na jioni iwarudishe watu makwao. Saa zake zifungwe na saa za treni ya kisasa pale Shinyanga na Isaka, ili aliyetoka Dodoma aweze kufika Seke siku hiyo hiyo bila kulala stendi. Geita nayo, mpaka ipate tawi lake, iunganishwe kwa mabasi yenye ratiba: Katoro na Masumbwe hadi Isaka, Geita mjini na Sengerema kupitia darajani hadi Fela.

Na katika mabehewa hayo matatu, moja lisiwe na viti. Liwe na kulabu za kutundikia baiskeli upande mmoja, na sakafu tupu upande wa pili kwa ajili ya magunia, na nauli ya gunia iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, ili mama wa Usule aisome mwenyewe kabla ya kupandisha mzigo wake.